Trotineti ya umeme, kinga na chukudu kwenye ukingo mmoja wa barabara: maswali tunayoulizwa kila siku Goma

Mimi ni fundi wa kinga, yaani baiskeli kwa wasomaji wa mbali. Kibanda changu kiko upande wa Ndosho hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara ya Sake, na kwa muda sasa watu wanaleta hata trotineti za umeme wanazotumiwa na ndugu zao wa Ulaya. Pine ikiwa inabandikwa, maswali hayakomi: nani ampishe nani, kaske (ile kofia ngumu) ya nini, polisi watasema nini, kwa nini zile za Paris ziliondolewa. Nimeyakusanya hapa ili nisirudie jambo moja mara ishirini kwa siku. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu yana uzito, mengine kwa mstari mmoja.

Trotineti ya umeme si chukudu ya wazungu tu?

Kwa umbo, ndiyo. Ubao wa kukanyaga, gurudumu mbele, gurudumu nyuma, usukani. Mzee mmoja wa chukudu alipoiona mara ya kwanza hapa kibandani aliizunguka mara mbili, akainama, akauliza: «Sasa magunia yanakaa wapi?» Nikamwambia haibebi magunia. Akacheka, akaenda zake.

Chukudu inasukumwa na mguu na mteremko. Ni ya mkaratusi na mbao nyingine ngumu, magurudumu yake ni ya mti yaliyovishwa mpira wa pine iliyochakaa, na kazi yake ni mzigo. Trotineti ina mota ndani ya gurudumu, betri chini ya ubao, na kazi yake ni mtu mmoja mwenye kibegi mgongoni. Ile ya kwanza tumeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu pale kwenye mzunguko wa barabara, Rond-point Chukudu. Hii ya pili bado ni mgeni.

Kwa habari ya usalama, kumbuka hivi: chukudu iliyopakiwa ni nzito na haisimami upesi, trotineti ni nyepesi, haina sauti, na inachomoka ghafla, kinga iko katikati. Ajali nyingi ninazosimuliwa zinatokea pale ambapo mmoja hakujua mwenzake ni wa namna gani.

Kati ya kinga na trotineti, ipi inaangusha zaidi?

Trotineti, na sababu yake unaweza kuipima kwa kamba. Gurudumu la kinga ya kawaida lina upana wa sentimita 65 hivi kutoka upande mpaka upande. La trotineti nyingi zinazofika hapa lina inchi nane na nusu au kumi, maana yake sentimita 21 mpaka 25. Weka mbele yao shimo lenye kina cha vidole vitatu. Kinga italipita huku ikikutikisa makalio. Gurudumu dogo litaingia, litagonga ukingo wa mbele kama limegonga ukuta, na wewe uliyesimama wima utaendelea na safari peke yako juu ya usukani.

Kijana mmoja aliniletea trotineti iliyopasuka shingo. Alikuwa anatoka Katindo kwenye lami nzuri, akafika pale lami inapoishia na makoro yanapoanza, yale mawe ya volkano tunayoyajua sote. Kile kingazi kilikuwa kifupi, hata kopo la maziwa lingekizidi. Alinionyesha viganja: vilikuwa na madoa meusi chini ya ngozi, changarawe ya Nyiragongo, volkano yetu, iliyokataa kutoka hata baada ya kusuguliwa na brashi. Kaske alikuwa nayo, imening'inia kwenye usukani.

Si yeye peke yake. Huko Austin, Texas, mwaka 2018 idara ya afya iliwafuatilia watu walioumia kwa trotineti za umeme kwa muda wa miezi mitatu. Karibu nusu walikuwa wameumia kichwa, na theluthi moja waliumia katika safari yao ya kwanza kabisa. Kati ya wote 190 aliyekuwa amevaa kaske ni mmoja tu. Kwa hiyo siku ya kwanza usiende sokoni nayo. Tafuta uwanja wa shule siku ya mapumziko, zunguka saa nzima, jifunze kufunga freni bila kurushwa. Magoti yawe yamelegea, mwili urudi nyuma kidogo, mikono yote miwili kwenye usukani. Ukikuta ufa au ukingo wa lami, uvuke ukiwa umeuelekea moja kwa moja. Ukiuvuka kwa mshazari, gurudumu linafuata ufa na wewe unalifuata.

Ulaya wanazipitisha wapi?

Nchi nyingi ziliziweka pamoja na baiskeli. Ufaransa iliandika sheria mwishoni mwa 2019: mwendo usizidi kilomita 25 kwa saa, mtu mmoja tu, hakuna visikizio masikioni, na palipo na njia ya baiskeli mjini upite humo. Ujerumani waliziruhusu mwaka huohuo wa 2019, lakini mwisho kilomita 20 kwa saa, na lazima iwe na kibandiko cha bima. Ubelgiji, tangu tarehe 1 Julai 2022, mwenye trotineti awe ametimiza miaka 16, asipande na mtu mwingine, na asipite kwenye njia ya waenda kwa miguu. Denmark kaske ni lazima kwa mwenye trotineti tangu Januari 2022. Uingereza wao ni wagumu: trotineti uliyonunua mwenyewe hairuhusiwi barabarani, ila zile za kukodi katika miji ya majaribio.

Kwa nini waliziweka na baiskeli? Kwa sababu kilomita 20 au 25 kwa saa ni mwendo wa mwendesha baiskeli mwenye nguvu. Kati ya magari ingekuwa ndogo mno, kati ya waenda kwa miguu ingekuwa kali mno. Hesabu hiyo ni nzuri. Ila inadai njia iwe pana, na hapo ndipo hata wao wanagombana.

Lakini si Paris walizifukuza?

Walifukuza zile za kukodi. Tarehe 2 Aprili 2023 wakaaji wa Paris waliulizwa kwa kura, na karibu 89 kwa mia ya waliopiga walisema ziondoke. Waliojitokeza hawakufika hata 8 kwa mia ya walioandikishwa, lakini kura ni kura: kufika Septemba mwaka ule zilikuwa zimeondolewa. Trotineti ya mtu binafsi inaendelea kuruhusiwa. Malalamiko makubwa yalikuwa juu ya kuziacha zimelala ovyo njiani, kupanda wawili wawili, na kupita kati ya watu wanaotembea. Ni tabia, na tabia haikaguliwi kwa spana.

Hapa Goma njia ya baiskeli iko wapi?

Sehemu kubwa ya mji hatuna njia iliyotengwa yenye alama yake ile ya duara la buluu na baiskeli nyeupe katikati. Tulichonacho ni ukingo: ule upande wa kulia kati ya lami na kaniveau (mfereji wa maji), mara una mita mbili, mara una nusu mita, mara umejaa mchanga wa nyumba inayojengwa, mara kuna mama amepanga nyanya. Ukingo huo ndio njia yetu ya baiskeli, ya chukudu, ya mkokoteni, ya mtoto anayetoka shule, na saa nyingine ya motari, dereva wa pikipiki ya abiria, mwenye haraka. Ninapoandika «njia» humu, maana yangu ni huo.

Usidharau. Wenzetu wa Ulaya wanaandika kurasa nyingi kuhusu namna ya kuchanganya vyombo vya mwendo tofauti kwenye njia moja. Sisi tumekuwa tukifanya mtihani huo tangu chukudu ya kwanza ilipoteremka mjini.

Nani ampishe nani?

Hili ndilo swali, na ningekuwa na uwezo ningelijibu kwa rangi kwenye ukuta wa kila rond-point. Jibu langu: mwenye freni nzuri anampisha mwenye freni mbaya.

Sheria nyingi zinaangalia nani ametoka upande gani, nani yuko mbele. Ni sawa, zifuate. Ila hazikuandikwa zikifikiria mtu anayeshuka kutoka Kibumba akiwa na magunia ya viazi yaliyofungwa mpaka usawa wa kifua. Fanya hesabu pamoja nami. Tuseme chukudu, mzigo na mwenyewe vimefika kilo 400, na anashuka kwa kilomita 20 kwa saa. Wewe na trotineti yako mna kilo 90, mnakwenda kwa 25. Una mwendo kumzidi, lakini nguvu ambayo freni yake inapaswa kuimeza ni karibu mara tatu ya ile ya kwako. Na freni yenyewe ni nini? Kipande cha mpira wa gari kilichopigiliwa misumari juu ya gurudumu la nyuma. Anakikanyaga kwa kisigino. Ukisimama kando ya barabara ya Rutshuru asubuhi, mahali mteremko unapokaza, utausikia mpira ule kabla hujamwona mtu: unalia kama mbuzi, halafu harufu ya kuungua inakufikia. Anaweza kupunguza mwendo. Kusimama mbele yako ghafla hawezi, hata akitaka, hata umtukane.

Kwa hiyo ukikuta chukudu inashuka na mzigo, wewe mwenye trotineti ndiye unayeondoka njiani. Usikae mbele yake ukidhani atakufuata polepole. Usimkate. Toka pembeni, simama, weka mguu chini, apite. Itakuchukua nusu dakika.

Akiwa anapanda, mambo yanageuka. Hapo yuko kwenye mwendo wa kutembea, labda wawili wanasukuma nyuma wameinamisha vichwa, na chombo kinayumba kushoto na kulia. Hapo unaweza kumpita, lakini upande wa kushoto tu, na baada ya kuangalia nyuma. Usipite kati yake na kaniveau hata kama pana nafasi. Akiteleza, mzigo unaangukia upande wa bonde, na wewe ndiye utakuwa bonde.

Kinga na trotineti? Kinga iliyobeba bidoni nne za maji au mfuko wa sementi iheshimu kama chukudu ndogo. Kinga tupu mko sawa. Aliye mbele ana haki, wa nyuma asubiri nafasi.

Na juu ya wote hao yuko anayetembea kwa miguu. Mama mwenye beseni la samaki kichwani hawezi kugeuza shingo kukutazama. Ukimpigia honi anasimama au anaenda upande usioutarajia. Punguza mpaka mwendo wake, sema «Mama, napita kushoto kwako,» umpite taratibu. Sijaona aliyepoteza kitu kwa kusema mama.

Nikitaka kumpita mtu, nitoe ishara gani?

Sauti, na mapema. Trotineti haina mlio. Mwenye kinga aliyezoea kusikia pikipiki toka mbali hajui kama upo mpaka umemgusa kiwiko. Kengele ya dola mbili ni bora kuliko taa za rangi chini ya ubao, na bado vijana wananunua kwangu taa za rangi.

Piga kengele ukiwa umbali wa mita kumi hivi. Ukiipiga sikioni mwake atashtuka na kuyumba, mara nyingi kuelekea kwako. Subiri uone ameitikia: kichwa kinainuka, au anasogea. Kisha pita kushoto, ukimwachia nafasi ya mkono ulionyooshwa. Usukani wa kinga una sentimita 60 hivi, na kila mwendesha anayumba kidogo, basi mtu mmoja anakula mita nzima. Wawili wakipishana wanahitaji mbili. Ukingo ukiwa na mita moja na nusu, jibu ni kwamba hupiti. Unabaki nyuma.

Copenhagen wana desturi nzuri: mwendesha baiskeli anayetaka kusimama anainua mkono kwanza, ili walio nyuma wajue. Kwa kinga tunaweza kuiga kesho asubuhi. Kwa trotineti usijaribu, mkono mmoja kwenye gurudumu dogo ni kuomba kuanguka. Wewe geuza kichwa, sema kwa sauti «nasimama», halafu punguza.

Nikae mbali kiasi gani na aliye mbele?

Kwa kilomita 25 kwa saa unakwenda karibu mita saba kila sekunde. Macho yaone, kichwa kiamue, kidole kifunge freni: sekunde moja imekwisha, mita saba zimekwisha. Freni nzuri kwenye lami kavu inakula nyingine sita. Jumla kumi na tatu, urefu wa malori mawili ya Fuso. Ukishuka mpaka 15 kwa saa, jumla inakuwa mita sita na kidogo. Mwendo umepungua kwa sehemu isiyofika nusu, na umbali umepungua kwa nusu nzima. Trotineti nyingi zina kitufe cha kuchagua mwendo. Birere, Majengo na karibu na soko lolote kiache kwenye kile cha chini kabisa.

Naweza kumbeba mke wangu au mtoto?

Hapana. Freni, ubao na shingo ya kukunjia vilipimwa kwa mtu mmoja.

Kaske ya pikipiki inafaa?

Inafaa, ila ni nzito na joto lake litakufanya uivue katikati ya safari. Ya baiskeli inatosha kwa mwendo huu. Tafuta ndani yake kibandiko chenye maandishi EN 1078, ndicho kipimo cha Ulaya cha kaske za baiskeli. Iwe inakaa vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda chini ya kidevu upitishe kidole kimoja au viwili tu. Tikisa kichwa: ikicheza, ni kubwa.

Jihadhari na kaske za mtumba. Kaske inafanya kazi mara moja. Povu la ndani linapondeka wakati wa ajali ili fuvu lisipondeke, na likishapondeka halirudi. Kwa nje itang'aa kama mpya. Bonyeza povu kwa kidole gumba, kagua kama kuna ufa mwembamba kama unywele. Ukiuona, mwachie muuzaji atumie kufugia vifaranga.

Usiku je?

Jua letu linazama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na saa hiyo ndiyo wote wanarudi nyumbani. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, zote mbili zikiwaka. Taa ya trotineti inakaa chini, kwa hiyo dereva wa gari anaiona kama mng'ao wa sigara. Vaa kitu cheupe au gileti yenye mistari inayong'aa.

Wenye chukudu hawana taa, na sitawalaumu, maana hakuna pa kuichaji. Lakini ninawafungia bure vipande vya vibandiko vinavyong'aa nyuma ya ubao. Mmoja alibandika kopo la maziwa lililonyooshwa, na nakuhakikishia linaonekana kwa taa ya gari vizuri kuliko vitu vingi nilivyouza.

Mvua ikinyesha?

Kwa kinga, punguza na uendelee. Freni za mpira zikilowa zinachelewa kushika, zifunge kidogo kidogo mapema ili zifute maji. Kwa trotineti, tafuta baraza. Nyingi zimetengenezwa kuvumilia matone tu. Mvua zetu za Aprili na za Novemba zinageuza kaniveau kuwa mto, na dimbwi linaficha shimo ambalo jana ulilijua. Ukilazimika kuvuka, shuka uisukume. Usiichaji siku hiyo mpaka ikauke kabisa, hata ikiwa inaonekana kavu kwa juu.

Vumbi letu nalo lina dhambi yake. Mchanga mweusi wa volkano unasaga vibao vya freni na mabilia, zile gololi za ndani ya gurudumu, kama msasa. Futa kwa kitambaa kikavu kila jioni. Usimwagie maji kwa ndoo kama unavyoosha pikipiki. Nimefungua mbili zilizooshwa hivyo, na nilichomwaga kutoka ndani kingetosha chai.

Betri inaweza kulipuka ndani ya nyumba?

Inaweza kuwaka, na ikiwaka haizimwi kwa shuka. London walipata moto wa trotineti ndani ya treni ya chini ya ardhi mwezi wa Novemba 2021, na kuanzia tarehe 13 Desemba mwaka huo shirika la usafiri la mji likakataza kuziingiza kwenye treni na basi zake.

Kwetu nyumba nyingi ni za mbao, na hilo linatosha kukufanya makini. Tumia chaja yake yenyewe. Betri ya volti 36 huchajiwa kwa chaja ya volti 42. Chaja ya kuokoteza ya volti nyingi zaidi inaingia vizuri kwenye tundu, na hapo ndipo msiba unapoanza. Chaji ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mlango, maana moto ukianza hutaki uwe kati yako na njia ya kutokea. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, chomoa kwanza usubiri utulie. Betri iliyovimba, iliyoanguka vibaya au inayonuka kama dawa ya kucha, ilete nje wazi, usiilete ndani ya kibanda changu.

Ndani ya betri nyingi za aina hii kuna kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa kule Katanga. Ilitoka kwetu kama jiwe, ikaturudia na bei. Hilo si swali la usalama, lakini wateja wanaliuliza, nami huwa nalijibu.

Sheria ya Kongo inasemaje? Roulage, polisi wa barabarani, wakinisimamisha?

Sheria yetu ya barabara ni ile nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Ni ya kabla ya trotineti ya umeme kuzaliwa. Chukulia kwamba wewe ni mwenye baiskeli na ujiendeshe hivyo: upande wa kulia, taa usiku, kusimama polisi anapoinua mkono, kuzunguka rond-point kama wengine. Tembea na karatasi ya ununuzi au ya forodha, kwa sababu swali la kwanza huwa «hii umeitoa wapi?» Shuka, toa kaske, salimia. Mtu aliyesimama juu ya ubao anamzidi polisi urefu, na hilo peke yake linaweza kukuongezea dakika kumi.

Motari wanapanda juu ya ukingo wetu. Tufanye nini?

Wakija, wape njia. Najua si jibu la haki. Nimewahi kumkalia mmoja mbele kwa makusudi, nikasukumwa hadi ndani ya kaniveau na kinga ya mteja, nikamlipa mteja rimu mpya. Tangu siku ile haki yangu naidai nikiwa nimesimama, si nikiwa ninaendesha.

Kilichosaidia kidogo huku kwetu ni kuongea nao kwenye maegesho yao, wakiwa wametulia wanasubiri abiria. Wengi wana mdogo wao anayesukuma chukudu.

Mtoto wangu ana miaka 12. Anaomba trotineti.

Ufaransa wameweka miaka 14, Ujerumani 14, Ubelgiji 16. Najua watoto wetu wanajitengenezea vichukudu na kuteremka navyo wakiwa na miaka saba, nami nilifanya hivyo. Kichukudu kinakufundisha kuanguka polepole. Trotineti ya umeme inakufundisha kwa kilomita 25. Mnunulie kinga.

Tukigongana, nini kifanyike kwanza?

Zuia vyombo vingine kwanza, mtu mmoja asimame nyuma apunge shati. Aliyelala usimwinue haraka na usimkunje shingo. Kaske yake iache kichwani kama anapumua vizuri. Damu ikitoka sana, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Aliyeumia akitapika, akisinzia, akiuliza swali lilelile mara tatu au akilalamika kichwa kinamzidi, apelekwe hospitali hata kama aliinuka na kusema «niko sawa». Michubuko yenye makoro ioshwe kwa maji safi na sabuni siku ileile, na aulizie sindano ya pepopunda.

Kuhusu nani alipe: ongeeni baadaye. Mzigo wa chukudu uliomwagika ni deni la mtu. Msaidie kuokota viazi vyake hata kama kosa ni lake.

Wakitujengea njia ya kweli, tuombe nini?

Tusiombe rangi. Rangi hapa inafutwa na vumbi kwa msimu mmoja. Tuombe mita mbili na nusu upande unaoshuka, ili chukudu na kinga zipishane bila mmoja kuingia kwenye lami. Mawe ya kutenganisha, yenye nafasi za maji kupita. Vifuniko kwenye kaniveau, na vyuma vya vifuniko vilale kukata njia. Vikilazwa kufuata njia vinameza gurudumu dogo lote. Mwisho wa lami uteremke kama sahani, usiwe ngazi. Na mahali pa mama wa nyanya, kwa sababu asipotengewa atakaa humohumo, na mimi ndiye nitakayesimama kununua.

Mnakagua freni bila malipo?

Ndiyo, kila Jumamosi kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka saa nne. Kinga, trotineti, chukudu pia. Mwenye chukudu, mzigo uteremshe kwanza. Wiki iliyopita kabichi zilifika mpaka kwa jirani.